Pambano la Mashoto na Kuli

Mume wangu alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na sikupata kusikia kwamba aligombana na mtu. Lakini miaka yote tuliyoishi pamoja hapa Kionga, kaskazini ya Msumbiji, alikuwa mpangaji wa mapambano ya ngumi. Aliyapanga akiwa amelala chali mchana wa jua kali, aliyapanga tukipalilia mpunga, aliyapanga huku mimi nakuna nazi na yeye amekaa kizingitini. Watu aliowapanga hawakuwahi kukutana. Wengine walikufa kabla wenzao hawajazaliwa. Wengine walikuwa wazito wa kuvunja kitanda, na wapinzani wao aliwatoa katika uzito wa unyoya, watu ambao shati la mtoto wa shule lingewatosha.

Mchezo wenyewe ulianza kwa ajili ya betri. Kabla ya kunioa alikuwa akivusha nazi mto Ruvuma pale Namoto kwenda kuziuza Mtwara, na huko alijifunza kupenda ngumi. Aliponioa alikuja na redio, kubwa kuliko sanduku langu la nguo. Usiku wa ngumi kutoka Dar es Salaam tulikaa wawili tumeinamia redio ile, sauti ya mtangazaji ikija na kuondoka, na mara nyingi betri zilikufa pambano halijaisha. Mara ya kwanza ilipotokea nilikuwa bibi harusi, bado namwonea haya. Redio ikanyamaza, yeye akaendelea kutangaza badala yake. Akampa ushindi yule mdogo. Nikamwambia, taratibu, kwamba yule mkubwa hawezi kushindwa namna ile, uzito ni uzito. Akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kutoka siku hiyo hatukungoja tena betri zife.

Zilikuwapo sheria. Kila bondia alikuja na siku yake bora, siku aliyokuwa mzima kuliko siku zote, hata kama baadaye alizeeka vibaya. Alikuja na uzito wake mwenyewe, bila kuongezewa wala kupunguzwa. Maiti na walio hai waliruhusiwa sawasawa. Na pambano halikuisha mpaka mmoja wetu aseme, "Nimekubali."

Pambano ambalo hakuna aliyekubali lilikuwa moja. Upande wake alisimama mashoto mmoja wa Tanga, mtu wa uzito wa unyoya, aliyevuma mume wangu alipokuwa kijana. Alisema mkono wa kushoto wa mtu yule ulikuwa unatoka kama ulimi wa kinyonga. Upande wangu alisimama kuli wa bandari ya Mtwara, mzito, aliyepigana zamani za Waingereza, ambaye mume wangu mwenyewe alihadithiwa na baba yake. Alibeba magunia mawili ya korosho kwa safari moja, na alipompiga mtu, watu walikwenda kumwinua bila kuambiwa. Mume wangu ndiye aliyenipa kuli huyo, kisha akajuta. Kila alipomsifu mashoto wake kwa wepesi, mimi nilimjibu kwamba mbu naye mwepesi. Tulilibishania mashambani, kitandani, msibani kwa watu kwa kunong'onezana. Watoto wetu walikua wakidhani mashoto na kuli ni ndugu zetu wa mbali.

Vita vilipofika huku kwetu, tulivuka Ruvuma na watu wengine, tukafikia kwa binti yetu aliyeolewa Mtwara. Sitaki kusema mengi juu ya safari ile, kila mtu wa hapa anayo ya kwake. Mume wangu aliugua kifua kule kule. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mkwe wetu, chenye dirisha linalotazama ukuta, na jioni aliniuliza, "Leo nani na nani?" nami nikampangia. Alipozidiwa akawa hawezi kutangaza tena, akawa ananyoosha kidole tu kulia au kushoto kuonyesha mshindi. Akafa asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, akazikwa huko. Nilipomaliza eda, binti yangu alinitaka nibaki. Nikarudi Kionga. Nyumba ilikuwa imesimama, mlango haupo, vyungu havipo, minazi yote ipo.

Upweke sikuutambua mara moja, kwa sababu kazi zilikuwa nyingi. Niliezeka, nilifyeka, nilichongesha mlango kwa fundi wa mjini Palma. Kazi zilipopungua ndipo nilipoanza kusikia nyumba. Nikawa nalala mchana, jambo ambalo sikulizoea. Nikawa napika chungu cha watu wawili, kisha nakula kilekile hadi kesho yake.

Nilimpigia simu mwanangu wa kiume, mwalimu huko Nampula, nikamuuliza, akipangwa mashoto wa Tanga wa zamani zile na mzito wa siku hizi, nani atashinda. Akafikiri naumwa. Kisha akanieleza kwa upole, kama anavyoeleza wanafunzi wake, kwamba ndiyo maana ngumi zina madaraja ya uzito, na kwamba watu wa zamani na wa sasa hawalinganishiki, chakula tofauti, mazoezi tofauti, glavu tofauti. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Nikamshukuru nikakata simu.

Nikajaribu na jirani yangu, mama mtu mzima kama mimi, tuliyecheza naye utotoni. Tulikuwa tunatwanga. Nikamwambia habari ya kuli na magunia mawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo kuli ana mke?" Nikasema sijui. Akasema basi habari yake haijakamilika, na siku ya pili akanitumia kombe la kunywa, dawa ya wale wanaosumbuliwa na mizimu.

Nikajaribu peke yangu. Nilikaa kizingitini, mahali pake, nikampanga mashoto na mtu mwingine, nikatangaza moyoni. Haikuwezekana. Ukizijua pande zote mbili hakuna pambano, kuna mtu mmoja tu anayejishinda na kushindwa na nafsi yake. Nikaacha. Nadhani ulipita zaidi ya mwaka bila mimi kumfikiria bondia hata mmoja.

Kisha nikapata mpangaji wa chumba, aliyeletwa na katibu wa kijiji. Alikuwa mtumishi wa serikali kutoka Maputo, msichana wa miaka thelathini hivi, ametumwa kuwaandikia vyeti upya watu waliopoteza karatasi zao katika kukimbia. Nilikuwa na chumba cha uani chenye mlango wake. Alikuja na begi moja na jiko la gesi, akaniamkia kwa Kireno, nikamjibu kwa Kireno changu cha sokoni, akajaribu Kiswahili alichofundishwa njiani na dereva, ambacho kilikuwa matusi mawili na neno "asante." Nilipomwonyesha ni yapi ya kuacha, aliona haya mpaka akafunika uso. Tangu hapo aliniita mama.

Alikuwa mtu wa kujifungia. Akitoka kazini anapika, anakula mlangoni huku simu imeegemezwa kwenye chungu, anacheka na watu waliomo ndani ya simu, kisha mtandao unakatika na yeye anabaki ameitazama. Wenzake wa ofisini walikuwa wanaume watupu, siku za mapumziko walikwenda Palma kunywa bia. Yeye hakwenda. Siku moja nilimpelekea kisamvu cha nazi. Alikiita matapa, akasema mama yake hupika hivyohivyo lakini kwa karanga, akala chote, na wakati wa kunirudishia bakuli macho yake yalikuwa mekundu. Sikumuuliza.

Asubuhi moja nikiwa nachota maji pipani nilisikia mtu anapumua nyuma ya choo, pumzi fupifupi za puani. Nikachungulia. Alikuwa yeye, kavaa suruali ya mazoezi na kujifunga kitambaa kichwani, anapigana na hewa. Mimi sikuwa mtu wa kujua mengi, lakini maneno ya mume wangu yalikuwa yamejaa kichwani mwangu miaka yote: kidevu chini, kiwiko kifunike mbavu, mguu wa nyuma usilale. Nikayaona yote pale, yamesimama kwenye mwili wa mtu. Kiwiko kilifunika mbavu. Mguu wa nyuma haukulala. Nikaweka ndoo chini.

Aliponiona aliacha, akaomba radhi kama aliyekutwa anaiba.

Nikamuuliza, "Unampiga nani?"

"Ninguém," akasema. "Hakuna mtu, mama."

"Kumpiga asiyekuwapo kunachosha. Mpige mtu."

Akacheka, akidhani namtania. Nikamwambia aje alasiri, baada ya kazi, tukae nimweleze.

Alikuja. Kumbe alipigana ngumi tangu ana miaka kumi na mitatu, katika klabu moja ya mtaani kwao, uzito wa bantamu, ulio chini ya unyoya. Siku hizi wasichana wa Maputo wanarudi na medali kutoka nchi za watu, naye alikuwa akipanda ngazi hiyo hiyo. Kisha kazi ya serikali ikatoka. Baba yake amekufa, wadogo zake wanasoma, na kazi ya serikali haikataliwi. Alipopangiwa mkoa wetu wa Cabo Delgado, klabu ilimpigia makofi ya kumuaga, na kocha wake akamwambia mwili hausahau. Aliyasema hayo kwa lugha mbili zilizochanganyika. Pale Kiswahili chake kilipokwama aliinuka akanionyesha kwa mikono.

Nikamweleza mchezo wetu na sheria zake. Aliuelewa upesi, lakini aliukataa. Kwao, alisema, mtu akizidi uzito kwa kitu kidogo tu hapandi ulingoni. Uzito ndio uliokuwa maisha yake. Mama yake alikuwa akimficha mkate juu ya kabati. Alikimbia kwenye jua akiwa amejifunga nailoni ili jasho limtoke, na mwenzake mmoja alizimia akifanya vivyo hivyo. Alimwona pia msichana wa uzito wake akijaribiwa na mwanamume mzito mazoezini, kwa mzaha tu, na mzaha ule ukamvunja taya. "Mama, si hadithi," akaniambia. "Mtu mzito anaua."

Nikamjibu kwamba hilo ndilo nililomwambia mume wangu miaka yote hakusikia. Hapo ndipo alipocheka, akavuta mkeka, akakaa vizuri.

Kuanzia siku hiyo, kati ya alasiri na magharibi, uani kwangu palikuwa na ngumi. Nilimpa watu wa mume wangu, mmoja mmoja, na yeye akanipa wa kwake. Nilijifunza majina ya mapigo kwa Kireno, yeye akajifunza kusema konde, kengele, nimekubali. Tulimpanga Mmakonde wa Mueda aliyepigana kambini wakati wa vita vya ukombozi na msichana mmoja wa klabu yao. Tulimpanga sajini wa Kireno, ambaye mume wangu alisimuliwa habari zake Palma, na kinyozi wa mtaani kwao Maputo aliyekuwa bingwa wa uzito wa kati. Jirani yangu alipopita na kutuona mimi na mtumishi wa serikali tumekunja ngumi tunatazamana, alisimama, akamwomba Mungu, akaendelea na safari yake.

Yupo mmoja ambaye msichana alimpanga mara kwa mara. Alikuwa rafiki yake wa klabuni, msichana wa uzito wa juu kidogo kuliko wake, waliyefanya naye mazoezi kila siku, wakala pamoja, wakalala chumba kimoja safarini. Hawakupata kupigana hata siku moja kwa sababu ya kilo chache. Rafiki huyo sasa anapigana nchi za nje, na picha zake zilikuwa kwenye simu ile iliyoegemezwa kwenye chungu. Msichana wangu alimpanga na yeye mwenyewe. Akalitangaza pambano kwa haki, hakujipendelea, na kila mara alishindwa yeye. Siku moja nilichoka kumwona akishindwa. Nikaingilia kati, nikasema raundi ya mwisho rafiki yake aliteleza, na yeye akampata kidevuni, basi. Nikampa ushindi.

Alikunjua ngumi zake. Kisha akasema, "Usinionee huruma, mama."

Sikumwonea tena.

Mashoto na kuli nilikuwa nimewaficha. Sikujua kwa nini, labda niliona kumtoa mashoto kwa mtu mwingine ni sawa na kugawa nguo za marehemu. Lakini jioni moja, mvua zikiwa karibu, mtandao haupo siku kadhaa, nikamwona msichana amekaa kama mzigo uliosahauliwa gatini. Nikamwambia nina pambano moja ambalo halijaisha. Nikamweleza yote: ulimi wa kinyonga, magunia mawili, maneno ya mume wangu na majibu yangu.

Alisikiliza sana kuliko siku zote. Akauliza mashoto alisimamaje. Nikamwambia. Akauliza kuli alikuwa na miguu mizito. Nikasema bila shaka, mtu wa magunia. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa.

"Raundi ngapi?"

Nikasema sijui. Raundi za kawaida.

"Za kawaida ngapi? Tatu, au kumi?"

Akanieleza kama anayesema jambo dogo. Kama ni raundi tatu, kuli hajachoka, atampata mashoto mara moja, na mara moja inatosha. Kama ni kumi, kuli ataanza kuhema kwenye ya tano. Kifua kikubwa kinataka hewa nyingi, na mashoto atamzunguka na kumdonoa mpaka kengele ya mwisho. "Kwa hiyo mna haki wote wawili," akasema. "Ni mapambano mawili."

Mimi ngumi nilizijua kwa redio, na redio yetu haikumaliza pambano. Kichwani mwangu, kumbe, pambano lilikuwa na urefu wa betri: raundi mbili, tatu, kisha kimya. Mume wangu alikuwa ameyaona ya Mtwara kwa macho, yale marefu ya zamani, mpaka mwisho, watu wamelowa damu na uchovu. Yeye alikuwa akinisimulia jioni nzima, na mimi nilikuwa nikimjibu dakika chache. Maisha yetu yote tulibishana juu ya vitu viwili, kila mmoja akidhani mwenzake mkaidi. Hakuna aliyefikiri kuuliza raundi ngapi.

Niliinuka nikaenda jikoni. Moto ulikuwa umezimika lakini nilikaa mbele ya mafiga kama ninayeuota. Nilitamani kumwambia. Si mwingine, yeye tu. Nilitamani hivyo kwa nguvu ambayo sikuwa nayo hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ile watu walikuwa wengi na palikuwa na mambo ya kufanya. Jambo lile lilikuwa la mtu mmoja tu duniani kulisikia na kucheka, na nilijua angecheka vipi, angejipiga paja, angesema, "Mwanamke wewe, umenipotezea umri." Msichana alinifuata, akasimama mlangoni, akaniomba radhi kwa Kireno, akidhani ameniudhi. Nikamwambia hajaniudhi. Nikajaribu kumweleza, lakini Kireno changu hakikufika huko, na Kiswahili chake pia. Akakaa chini karibu yangu kwenye vumbi la jikoni na nguo zake za ofisini, tukakaa.

Aliondoka mvua zikiwa zimekolea. Kulisikika habari za watu wenye silaha upande wa Pundanhar, na kabla hatujajua ni kweli au ni uvumi, ofisi ikaamuru watumishi wote warudi Pemba, mji mkuu wa mkoa. Gari lingemchukua asubuhi. Alitaka twende wote. Alisema ana chumba cha kupanga huko, nitalala kitandani yeye alale chini, na mama yake atafurahi kusikia. Alisema hivyo mara nyingi, anafunga begi anafungua tena.

"Utabaki na nani hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia nilikwisha kukimbia mara moja, na huko nilikokimbilia niliacha mume. Sina tena wa kumwacha. Alinikumbatia kwa nguvu za mtu wa mazoezi, mbavu zangu zikauma siku mbili. Gari lilikwama kwenye tope pale kisimani. Watu wakalisukuma, na mimi nikaenda kusukuma pia, nikiwa nyuma, tope likinirukia, na yeye akinitazama kwa kioo. Likatoka. Likaenda.

Watu wale wenye silaha hawakufika Kionga mara ile. Tulilala porini siku chache kisha tukarudi, na mhogo wangu ulikuwa umefukuliwa na nguruwe. Ofisi ilifunguliwa tena baadaye kwa mtumishi mwingine, mwanamume, aliyepanga kwingine.

Msichana alinitumia sauti yake kwenye simu. Mwanzoni ilikuwa kila mara mtandao unapoamka: anaanza na habari za afya, kisha "Mama, leo nani na nani?" Nikampangia, akanijibu kesho yake. Lakini mchezo ule unataka mtu akukatize. Ukisema neno lako lote mpaka mwisho, mwenzako akaja nalo lake lote siku ya pili, si ubishi, ni hotuba. Wote wawili tuliliona hilo bila kulisema. Akahamishiwa Inhambane, karibu zaidi na kwao. Akaolewa. Sauti zikawa za sikukuu, kisha za Idi tu, ambayo si sikukuu yake lakini aliikumbuka kwa ajili yangu. Alinitumia picha ya mtoto. Ana kidevu cha mama yake, anakiweka chini.

Mwaka huu, baada ya kuvuna, nilivuka Namoto kwenda kwa binti yangu. Mkwe wangu ni mtu mwema asiye na maneno. Jumapili akasema kuna ngumi kwenye ukumbi mmoja karibu na soko, alasiri, na kwamba anakumbuka marehemu baba alikuwa akizipenda, basi kama nataka anisindikize. Nikasema nataka. Tulipofika mlangoni akaitwa kazini, akaniacha na kuahidi kunirudia.

Nilikaa kwenye benchi la nyuma. Sikuwa nimepata kuona ngumi. Nilidhani nazijua. Jambo la kwanza lililonishinda lilikuwa mlio wake. Redioni husikii konde, unasikia watu wanaolishangilia. Pale nililisikia lenyewe, mlio mdogo, mkavu, kama wa kupiga unga wa mhogo kwa mwiko, na mtu aliyepigwa anatoa sauti asiyoikusudia. Hapakuwa na mtangazaji wa kuniambia nani yuko mbele. Watu wawili waliolingana uzito na umri walizunguka, wakashikana, refa akawaachanisha, wakashikana tena. Vijana waliokuwa mbele yangu walipiga kelele na kusimama kwenye mabenchi, kila mmoja akiwa na mwenzake wa kumshika bega. Nilijaribu kuchagua upande. Nikamtazama mmoja, nikamtazama mwingine. Sikuwa na wa kumbishia, na bila hivyo sikuweza hata kutaka mtu ashinde.

Pambano la tatu lilikuwa la mtu mzima, mwenye mvi za kidevuni, na kijana. Mtu mzima alishindwa kwa pointi, baada ya raundi nilizozihesabu zote mpaka ya mwisho. Kijana akabebwa mabegani kwa shangwe. Yule mtu mzima akateremka mwenyewe kwa upande wa nyuma, ambako nilikuwa nimekaa, akavuta kiti cha plastiki, akakaa. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alianza kufungua vitambaa alivyofungwa mikononi, lakini vidole vyake vilikuwa vimevimba na fundo halikufunguka. Akalishika kwa meno. Likamponyoka. Akaliacha, akaweka mikono magotini, akatazama mbele.

Niliinuka nikaenda. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikauchukua mkono wake. Ulikuwa wa moto na mzito. Fundo lilikuwa limelowa jasho, nikalifungua kwa kucha taratibu, nikakunjua kitambaa mzunguko baada ya mzunguko mpaka ngozi ikaonekana, imekunjamana na nyeupe kama ya mtu aliyefua siku nzima. Kisha nikauchukua mkono wa pili.

"Ahsante, mama," akasema. "Umekuja na nani?"

Nikamwambia nimekuja peke yangu.

Akaitikia kwa kichwa, akaufungua na kuufumba mkono uliokuwa huru, kuujaribu, na kunisubiri nimalize ule mwingine.